Land Rover 110 ya Zamani: Kuikarabati, Kuchukua Hardtop au Kuhamia Prado?

Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi iliingia sokoni mwaka 1994, na kuanzia 1998 Defender (ndilo jina la aina hii ya Land Rover) nyingi zikaanza kutoka na Td5, injini ya silinda tano inayosimamiwa na kompyuta. Kwa hiyo nyingi ya 300Tdi zinazobeba watu na mizigo Karatu, Monduli na Longido zimeshavuka robo karne, na sisi wenye nazo tumefika mahali ambapo kila bili ya gereji inakuja na swali lile lile: nitengeneze tena, au niuze nitafute jingine? Mimi ninalima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na gari langu ndilo linalopeleka dizeli ya pampu, mbolea na wafanyakazi shambani, na ndilo linalokimbiza mgonjwa Karatu usiku inapobidi. Nimeliwaza swali hili kwa misimu miwili, nikawasumbua mafundi, madereva wa utalii na wakulima wenzangu, na ninayaandika niliyoyapata kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado yuko njia panda.

Njia zinazotajwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na Land Rover na kuikarabati vizuri. Ya pili ni kuchukua Land Cruiser Hardtop yenye injini ya 1HZ, ambayo wengi huiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Ya tatu ni kuhamia Prado, hasa ile ya mwaka 2002 hadi 2009 inayojulikana kama 120. Defender mpya nimeiacha nje kwa makusudi. Ile ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na iliyorithi jina lake haina tena chasisi ya kujitegemea chini ya bodi, tena bei na matunzo yake ni ya watu wenye hesabu tofauti na zetu.

Nimezipima njia hizi tatu kwa mambo sita: barabara unayopita, mzigo na abiria unaobeba, upatikanaji wa mafundi na spea, ulaji wa mafuta, usalama wa waliomo, na fedha pamoja na karatasi za gari. Lakini kuna kipimo kimoja kinachokuja kabla ya hivyo vyote, nacho kinalihusu gari ulilo nalo sasa.

Kwanza, lala chini ya gari lako

Bodi ya Land Rover ni ya alumini, na alumini haili kutu kama chuma. Hiyo ni sifa yake na pia ni mtego wake, kwa sababu gari linaweza kuonekana zima kwa nje huku chasisi yake ya chuma ikiwa imeliwa kwa ndani. Chasisi ni kama sanduku refu lenye uwazi katikati. Matope huingia humo masika, hukauka kiangazi, na hubaki. Sisi wa Eyasi tuna shida ya ziada, kwani vumbi letu lina magadi, na magadi yakikutana na unyevu hula chuma haraka.

Fundi wangu alilala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo na tochi. Alianza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya kiganja kimoja. Mbele na katikati chuma kililia kwa sauti safi, kama kengele ya shule. Alipofika kwenye boriti ya mwisho kabisa nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, sauti ikafa. Ikawa kama mtu anagonga debe lililojaa mchanga, na vipande vya kutu vikamdondokea usoni. "Mzee, njoo usikilize mwenyewe," akaniambia. Nikalala ubavuni kwake nikasikia.

Sehemu nyingine za kugonga ni mikono ya chasisi inayotoka pembeni kushikilia bodi, na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, hasa chini ya zulia ambako maji hutuama. Ikiwa kilichooza ni boriti ya nyuma au mkono mmoja, kinakatwa na kuchomelewa kipya. Ikiwa mihimili miwili mirefu imeliwa karibu na mahali springi zinapokaa, hilo ni jambo jingine kabisa. Injini iliyochoka inaweza kuovahoriwa, giaboksi inapatikana, difu inapatikana. Chasisi iliyooza humeza fedha za vyote hivyo. Isitoshe, namba ya chasisi imechongwa kwenye chuma chenyewe upande wa kulia mbele, na ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, hivyo kuibadilisha kunafungua safari ya TRA na ukaguzi wa polisi ambayo si ya siku moja. Kwa maoni yangu, anayefikiria kubadilisha gari kwa sababu injini inatoa moshi bado hajafika kwenye swali lenyewe.

Barabara

Land Rover 110 ina springi za koili mbele na nyuma, na inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, huku dereva akiwa na uwezo wa kufunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, anapoingia kwenye tope. Kwenye korongo lililochimbika, gurudumu moja linaposhuka na lingine kupanda, koili zile ndefu hulishusha gurudumu likaendelea kugusa ardhi, na hapo ndipo gari hili linapopendwa. Kina cha juu cha maji ya kuvuka kilichotajwa na watengenezaji ni sentimita 50, jambo ambalo madereva wetu wengi hulisahau mito inaposhuka.

Hardtop zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina koili mbele na springi za majani nyuma. Zikiwa tupu zinaruka na kuchosha mgongo. Zikibeba mzigo zinatulia kabisa. Magurudumu ya mbele hayavuti mpaka uyaunganishe, na nyingi zinahitaji ushuke ufunge haba, zile kufuli za katikati ya magurudumu ya mbele, kwa mkono. Dereva mzoefu hufunga kabla ya kuingia kwenye udongo mweusi. Asiye mzoefu hukumbuka akiwa ameshazama hadi kwenye eksili, naye hufunga haba huku amepiga magoti ndani ya tope.

Prado si gari la mjini kama baadhi ya watu wanavyoisema. Ina chasisi ya kujitegemea, gia za chini za kupandia milima, na kufuli la difu ya katikati. Kinachoitofautisha ni kwamba magurudumu yake ya mbele yanajitegemea kila moja, hakuna eksili nzima inayoyaunganisha. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo yanayotetemesha, inapita kwa utulivu ambao mbili nyingine haziwezi. Kwenye mawe makubwa na makorongo ya kila siku, mipira inayofunika jointi za mbele huchanika, vumbi likaingia, na boljointi zikaanza kulia mapema.

Mzigo na abiria

Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa Land Rover 110, gari pamoja na vilivyomo, ni kilo 3,050. Ukiondoa uzito wa gari lenyewe, unaokaribia tani mbili, inabaki kama tani moja. Hapa nawaomba wakulima wenzangu tuwe wakweli: gunia la lumbesa si gunia la kilo 100, na anayepakia magunia kumi ya namna hiyo hajapakia tani moja. Boriti nyingi za nyuma na bushi nyingi zimekufa kwa hesabu hiyo.

Hardtop ndefu, ile inayoitwa 78, inabeba mzigo unaolingana na huo au kuuzidi kidogo, ina nafasi ndefu zaidi nyuma, na nyingi zina matangi mawili ya lita 90 kila moja. Kwa anayekwenda mahali ambako kituo cha mafuta kiko mbali, lita 180 ni jambo kubwa. Hupakii tena madumu ya dizeli pamoja na abiria. Prado inapakiza watu saba au wanane kwa starehe, lakini ukiipakia magunia kila wiki, springi za nyuma hulala na gari likaanza kuelekeza taa juu.

Mafundi na spea

Hapa ndipo penye uamuzi kwa wengi wetu, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Injini ya 300Tdi ni ya lita 2.5, silinda nne, ina turbo, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa mitambo mitupu. Ikishawaka, inachohitaji cha umeme ni waya mmoja tu unaofungulia dizeli, kwa hiyo hata betri ikifa njiani unaweza kufika nyumbani. Fundi mwenye spana na akili anaitengeneza chini ya mti. Adui yake ni joto. Silinda hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na maji yakiisha hedi hupinda. Yangu ilipinda msimu uliopita kwa sababu ya gasketi ndogo nyuma ya pampu ya maji iliyokuwa ikivuja tone kwa tone. Nilikuwa nikiongeza maji kila asubuhi na kuona yanatosha. Gasketi ile ni ya bei ya chakula cha mchana. Kuisawazisha hedi, gasketi kubwa na kazi yake vilinigharimu mauzo ya magunia kadhaa.

Mambo mawili mengine ya kuangalia. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila takriban kilomita 96,000, na kwenye vumbi kama letu unashauriwa ubadilishwe ukiwa umefika nusu ya hapo. Pili, kwenye R380, giaboksi inayokuja na 300Tdi, meno ya shafti inayoingia kwenye boksi ya kugawia nguvu hukosa oili na kulika, dalili yake ni mlio wa "ka!" unapoachia klachi au unapobadilisha kati ya kuvuta na kuachia mafuta. Mlio huo ukiusikia usisubiri. Spea za Land Rover zipo Arusha, za asili na za kuigiza, na tofauti ya bei inashawishi; kwa rejeta, mkanda na gasketi ya hedi, nunua ya asili hata kama itabidi usubiri mwezi.

Hardtop inashinda upande huu kwa wingi wake. Injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Hospitali za misheni, mashirika ya misaada, migodi na kampuni za utalii zote zimeitumia, na kwa sababu hiyo hata mji mdogo una fundi anayeijua na duka lenye spea zake. Watu wamezoea kuiita injini isiyokufa, na sifa hiyo imewafanya baadhi ya wamiliki wasahau kuwa nayo ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Tahadhari kubwa ni historia ya hiyo unayonunua. Arusha kuna gereji zinazokata Land Cruiser za utalii, kuzirefusha na kuziwekea paa linaloinuka. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu, ila ukinunua gari lililorefushwa lazima lipandishwe kwenye shimo la gereji uangalie kila mahali chasisi ilipoungwa, na ukiona ufa mwembamba unaoanzia kwenye weldingi, ondoka.

Kwa Prado, chaguo la injini lina uzito kuliko chaguo la mwaka. Dizeli ya lita 3.0 ya 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka, na 1KD iliyoifuata ina nozeli za shinikizo kubwa ambazo hazisamehe dizeli chafu ya kwenye madumu. Ya petroli ya lita 2.7, aina ya 2TR, inatumia mnyororo badala ya mkanda na ina matatizo machache zaidi. Kwa injini zote hizi, gari likiwasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi unahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, na huyo kwa kawaida yuko mjini.

Mafuta

Kwa vipimo vyangu na vya wenzangu, 300Tdi nzima inakwenda kama kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwenye safari mchanganyiko, Hardtop ya 1HZ kilomita 7 hadi 8, na Prado ya petroli ya 2.7 karibu sawa na Hardtop. Tuseme unatembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Kwa kilomita 9.5 kwa lita utatumia takriban lita 2,100. Kwa kilomita 7.5 utatumia takriban lita 2,670. Tofauti ni zaidi ya lita 550, na ukizizidisha kwa bei ya kituo chako utapata fedha za matengenezo ambazo Land Rover inakurudishia kila mwaka. Anayetembea kilomita 5,000 tu asilipe uzito jambo hili.

Usalama

Hapa Prado iko mbele, na haifai kuzungukazunguka. Ina mifuko ya hewa, breki zinazozuia magurudumu kukwama, na viti vyote vinatazama mbele vikiwa na mikanda. Land Rover za umri wetu na Hardtop nyingi za kazi hazina mifuko ya hewa, na nyuma kuna mabenchi ya pembeni ambayo watu hukaa wakitazamana bila mkanda. Ikiwa kila asubuhi unapeleka watoto shule kwa lami, hili pekee linaweza kuamua. Ukibaki na mojawapo ya magari yale mawili, fungisha viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda. Mafundi wa magari ya utalii wanaifanya kazi hiyo kila siku.

Fedha na karatasi

Hardtop haishuki bei kwa urahisi. Unalipa kingi unapoinunua, na unarudishiwa sehemu kubwa unapoiuza. Prado zipo nyingi kutoka Japani, hivyo una nafasi ya kuchagua, lakini kumbuka kwamba gari linaloingia Tanzania hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi lita 2, na VAT ya asilimia 18, na umri wa gari unaongeza mzigo mwingine juu yake. Kikokotoo cha TRA kitakupa hesabu kamili kabla hujatuma hata senti. Ndugu zetu wa Kenya wana kikomo kikali zaidi, kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, na hiyo inafuta kabisa wazo la kuagiza Prado 120.

Land Rover yenyewe ina soko lisilotabirika. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha jinsi watu wanavyolipenda gari hili, na yenye chasisi safi hupata mnunuzi anayejua anachokinunua. Yenye chasisi mbovu huuzwa kwa bei ya spea zake. Ukinunua yoyote kati ya hizi hapa nchini, linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye kadi halisi kabla ya kutoa fedha, kwa sababu magari haya hubadilishwa injini mara nyingi na wamiliki wengi hawaendi kuandikisha mabadiliko.

Kwa hali yako

Ikiwa chasisi yako inalia safi, una fundi unayemwamini asiye mbali, unatembea kilomita nyingi na mzigo wako hauzidi tani moja, kuikarabati Land Rover kunaeleweka. Andika orodha ya kazi zote mara moja, anza na mfumo wa maji, breki na mkanda, na uache rangi mpaka mwisho.

Ikiwa mihimili mirefu ya chasisi imeoza, au unafanya kazi Loliondo na kwingineko ambako gari kulala njiani kunamaanisha siku mbili za kusubiri, na una mtaji wa kulipia mara moja, tafuta Hardtop ambayo unaweza kuifuatilia imetoka kwa nani. Vivyo hivyo kwa mwenye madereva wanaobadilika, kwani inavumilia mikono mingi.

Ikiwa sehemu kubwa ya safari zako ni lami, familia ndiyo mzigo wako, na shamba ni la mwisho wa wiki, Prado ya petroli itakutunza vizuri kuliko zote mbili. Usiinunue ukiwa na mpango wa kuifanya gari la magunia. Na ukiwa na fedha za nusu gari jingine tu, usikope ili kuziba pengo wakati wa kupanda. Tengeneza breki na mfumo wa maji wa hilo ulilo nalo, uvune, kisha upige hesabu upya.

Kwangu mimi, mihimili mirefu ililia safi na kilichooza ni ile boriti ya nyuma peke yake. Natembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka, na fundi yupo Karatu. Boriti mpya itachomelewa baada ya mavuno, na nimemwomba fundi aigonge tena chasisi yote, kiganja kwa kiganja, kabla hajapaka rangi.